Moyo Mwema Hautoshi

Kuna neno moja ambalo limeota mizizi katika mikutano yetu. Michango ya kikundi imepotea: "Msiwasumbue, walifanya kwa moyo mwema." Paa la darasa limeanguka kabla ya mwaka kwisha, maana mbao zilikuwa mbichi: "Fundi ana moyo mwema." Mwalimu wa katekisimu anasimama mbele ya watoto bila kutayarisha somo: "Ana moyo mwema, inatosha." Sisi twasema: haitoshi. Na wale wanaowataja watu mashuhuri mbele ya vijana wetu, wakisema walifika juu kwa nguvu ya moyo tu, hao hawajasoma habari zao mpaka mwisho.

Tuchukue habari ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 1976, nchi ilipoitwa Zaire, ugonjwa usiojulikana ulizuka Yambuku, upande wa kaskazini, penye hospitali ya misioni. Masista kutoka Ubelgiji walitumika pale. Waliacha kwao, wakauguza watu mchana na usiku, na baadhi yao wakafa pamoja na wagonjwa wao. Nani atasema hawakuwa na moyo mwema? Lakini wachunguzi walipofika, waliandika jambo chungu kusoma. Kila asubuhi sindano tano tu zilitolewa kwa ajili ya wagonjwa. Ilitumika kwa huyu, ikasuuzwa katika maji ya vuguvugu, ikatumika kwa yule. Katika wale walioambukizwa kwa njia ya sindano peke yake, hakupona hata mmoja. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Tarehe 30 Septemba hospitali ilifungwa. Watumishi 11 kati ya 17 walikuwa wamekwisha kufa. Huruma ilikuwa tele pale Yambuku. Sindano safi hazikuwapo.

Mwaka ule ule alifika huko daktari mmoja Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, aliyesomea mambo ya vidudu vya magonjwa. Alitoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, maana hapakuwa na glavu. Akaona kwamba mahali alipochoma, damu haikukoma kutoka, ilimtapakaa vidoleni. Akanawa kwa maji na sabuni. Kisha akamshawishi sista mmoja mgonjwa wasafiri pamoja mpaka Kinshasa. Sista alifia huko, na damu yake ikapelekwa Antwerpen, ambako kidudu kile kipya kilionekana. Kwa miaka mingi watu walipohadithia kuvumbuliwa kwa Ebola walitaja Wazungu, wakamsahau yeye. Mwingine angekaa na kinyongo. Yeye aliendelea na kazi.

Sabuni! Wengine watacheka. Basi wamkumbuke Ignaz Semmelweis, daktari wa Hungaria aliyetumika Vienna. Mwaka 1847 rafiki yake, naye daktari, alijeruhiwa kwa kisu cha kupasulia maiti, akafa. Semmelweis alihuzunika sana, lakini huzuni yake ilimpeleka kusoma karatasi za uchunguzi wa maiti ya rafiki. Akatambua ni ugonjwa ule ule uliokuwa ukiwaua mama waliojifungua: kumbe madaktari wenyewe waliuchukua mikononi mwao kutoka chumba cha maiti! Akawaamuru wanawe kwa maji yenye klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa mama kama 18 katika 100. Mwezi wa Juni walikufa kama 2. Huyo alikuwa na kweli mkononi. Ila baadaye hasira ilimshinda. Aliwaandikia wakubwa wa uganga barua za wazi akiwaita wauaji, na masikio yaliyokuwa mazito yakafungwa kabisa. Alikufa mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Hatumlaumu upesi, maana aliyeona mama wengi namna ile wakizikwa bure ana haki ya kukasirika. Lakini hasira yake haikumwokoa mama hata mmoja. Maji ya klorini yaliwaokoa wengi.

Turudi kwetu. Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit. Masista sita Waitalia walikufa humo. Muyembe na wenzake wakachukua damu ya watu waliopona, wakawatia wagonjwa 8, na 7 wakapona. Furaha ilioje! Lakini wataalamu wa nchi za mbali wakakataa: watu wanane ni wachache, na labda wangepona hata bila damu ile. Hapa twawaomba wasomaji wakae kidogo. Waliokataa walisema neno la haki. Watu saba wazima wanaotembea barabarani ni jambo la kumshukuru Mungu, walakini si uthibitisho. Mtu wa moyo tu angegombana nao mpaka leo. Muyembe alichukua njia ndefu. Miaka 11 baada ya Kikwit, mmoja wa waliopona alitoa damu yake, na kutoka humo wataalamu wa Marekani, pamoja na Muyembe, wakapata dawa iliyoitwa mAb114.

Dawa hiyo ilipimwa huku kwetu mashariki, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, tangu Novemba 2018 mpaka Agosti 2019. Wagonjwa 681 waligawiwa dawa nne kwa kura. Kwa kura, ndiyo! Daktari asimchagulie ndugu yake iliyo bora, wala asijidanganye mwenyewe kwa sababu anaipenda dawa yake. Kati ya waliopewa mAb114 walikufa kama 35 katika 100. Kati ya waliopewa dawa ya zamani, ZMapp, walikufa karibu 50. Desemba 2020 ilikubaliwa Marekani kwa jina la Ebanga. Tangu sabuni ya Yambuku mpaka matokeo ya kura ile ni miaka 43.

Wasituambie kwamba twadharau moyo. Wakati ule ule wa kupima dawa, watu wa Beni na Butembo walikuwa na uchungu wa kweli. Walikuwa wamezika ndugu waliochinjwa miaka mingi, na Desemba 2018 wakanyimwa kupiga kura ya rais pamoja na nchi nzima. Magari mengi na askari walipofika kwa ajili ya Ebola, wengi walisema ni biashara. Waliokuja na kweli bila kubisha hodi walikosa pia. Lakini hasira iliamua kabla ya kuuliza, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari mmoja Mkameruni aliuawa ndani ya hospitali mjini Butembo. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Walioaminiwa kuliko wote walikuwa wale waliopona: waliweza kuwabeba watoto wa mama wagonjwa bila hofu kubwa, nao walisema yale waliyoyaona kwa macho yao.

Tunajua tutajibiwa nini: "Mnawaaibisha marehemu." Sivyo. Wachunguzi wa mwaka 1976 waliandika habari ya sindano tano bila kumtukana sista hata mmoja. Kama wangenyamaza kwa heshima, wauguzi wa mahali pengine wangejifunza wapi hatari ya sindano moja kwa watu wengi? Vivyo hivyo anayeuliza daftari la michango hamtukani mweka hazina. Daftari lisomwe Jumapili baada ya misa, mbele ya wote waliotoa, na fundi wa paa aje pia aeleze mbao zilikatwa lini.