Maabara Zilijengwa kwa Michango, Mafunzo ya Usalama Nayo Yadaiwe

Usalama wa maabara ya kemia hufundishwa kwa mikono. Mwanafunzi wa chuo kikuu huoneshwa namna ya kuzimua asidi, kuosha jicho lililorukiwa na kemikali na kuzima moto wa spiriti, kisha hurudia mwenyewe mbele ya msimamizi mpaka asikosee. Lakini mara nyingi mno mambo hayo huishia kuwa kurasa za mwanzo za kitini, husomwa wiki ya kwanza na kusahaulika kabla ya mtihani.

Matokeo yake yalionekana hivi karibuni katika sekondari moja ya tambarare ya Same, Tanzania. Mwanachuo aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha alikuwa akiwaandalia kidato cha nne asidi ya salfuriki. Alimimina maji juu ya asidi, badala ya asidi kidogo kidogo ndani ya maji. Asidi hiyo ina uzito unaokaribia mara mbili ya ule wa maji, kwa hiyo maji yalikaa juu, yakachemka papo hapo na kuruka pamoja na asidi. Msichana aliyekuwa karibu na meza alirukiwa shavuni na kwenye kope. Bomba la maabara lilikuwa kavu. Wenzake walikimbilia dumu la maji ya uji jikoni, na mengi yakamwagika njiani. Jicho lilisalimika, shavu limebaki na kovu.

Sababu zinajulikana: vitendo vichache, wanachuo wengi kwenye meza moja, mafundi sanifu wa maabara wachache, vifaa ghali. Hakuna hata moja inayokiondolea lawama chuo kinachompeleka kijana mbele ya watoto wa watu na chupa ya asidi ambayo hakuwahi kufundishwa kuishika. Kijana mwenyewe naye ametendewa vibaya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na sheria ya kudhibiti kemikali za viwandani na majumbani ni ya mwaka huohuo. Zaidi ya miaka 20 imepita, na chupa za maji ya kunywa bado zinatiwa asidi bila lebo, na pipeti bado zinanyonywa kwa mdomo.

Wananchi wana haki ya kudai. Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara za fizikia, kemia na baiolojia, wazazi nchi nzima walichangishwa. Upareni, ziliko Same na Mwanga, ambako msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ulichimba mifereji na ndiva za kuhifadhi maji tangu enzi za mababu, watu hawahitaji kufundishwa maana ya kushirikiana. Waliotoa fedha na nguvu zao hawakufanya hivyo ili watoto waunguzwe.

Uzembe huu hauko katika nchi maskini pekee. Tarehe 29 Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Sheharbano Sangji, msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23, alishika moto alipokuwa akivuta kwa bomba la sindano kemikali inayowaka ikigusa hewa. Hakuwa amevaa koti la maabara. Sweta lake la nyuzi za viwandani liliwaka mwilini, na alifariki Januari 2009. Profesa wake alifikishwa mahakamani, na chuo kikalazimika kubadili utaratibu. Tanzania isisubiri kaburi.

Vyuo viweke jaribio la mikono, na asiyelifaulu asiguse chupa hata kama ana alama za juu darasani. Wabunge wa Same na Mwanga walibebe jambo hili bungeni. Vijijini, msaragambo mmoja kwa kila shule unatosha kuinua tanki la maji nje ya ukuta wa maabara na kuvuta bomba hadi ndani, kwa sababu jicho lililorukiwa na asidi linahitaji maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, na dumu halitoi hayo.

Usalama hauishii ndani ya maabara: mabaki ya kemikali yenye risasi na metali nyingine nzito yasimwagwe kwenye sinki. Vijito vya Ugweno vinashuka Ziwa Jipe, maji ya Jipe yanatoka kupitia Mto Ruvu, Ruvu unaingia Nyumba ya Mungu, na humo ndimo yanamochotwa maji ya mradi wa Same, Mwanga na Korogwe. Kinachotupwa mlimani kinaweza kurudi mezani.

Wazazi, tafadhali, wakati wa mazoezi ya kufundisha ukifika nendeni shuleni mkamuulize mkuu wa shule swali moja: mwanachuo huyu amepimwa wapi, na nani? Pasipo jibu la maandishi, apewe chaki na ubao, na ufunguo wa maabara ubaki ofisini.