Ukikaa Kitale miezi mitatu kila mwaka, wewe si mtalii

Kila Desemba sisi tunaofanya kazi ya malipo ya simu tunakutana na wateja wa aina moja. Wanaishi Minnesota, Ontario au Birmingham, wamejenga Kitale, Kiminini, Webuye au Bungoma mjini, na theluji ikianza tu wanakata tiketi. Wanafika mahindi yakianikwa, jua likiwaka, wanakaa hadi Machi. (Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo jioni ya Januari bado utavaa sweta. Lakini ukitoka Minnesota, hiyo unaiita joto.)

Watu hawa wana shida moja ya bima ambayo haizungumzwi sana, kwa hivyo wacha tuseme. Wengi hununua bima ya safari, ile ya mtalii wa wiki mbili, halafu wanaishi kama wenyeji. Wana nyumba, gari, mlinzi, ng'ombe wawili, na wanapanda boda kwenda sokoni. Maoni yetu ni kwamba mtu anayekaa miezi mitatu kila mwaka anahitaji bima ya mwenyeji, tena inayofanya kazi hata ile miezi ambayo hayupo.

Tuanze na mwili, maana hapo ndipo watu huumia zaidi. Wazee wetu wa Marekani waliofikisha miaka 65 wana Medicare, na wengi wanaamini inawafuata popote. Haiwafuati. Kwa kawaida Medicare hailipi matibabu nje ya Marekani. Baadhi ya bima za nyongeza, zile za Medigap, hulipa asilimia 80 ya dharura ya nje baada ya wewe kulipa dola 250 za kwanza, na kikomo ni dola 50,000 kwa maisha yako yote. Sharti lingine ndilo linalonasa watu wetu: dharura lazima ianze ndani ya siku 60 za kwanza za safari. Hebu hesabu. Ukiondoka Marekani Desemba 10, siku 60 zinaisha Februari 7. Ukipatwa na kiharusi Februari 20 ukiwa Kiminini, hiyo bima imeshalala.

Wa Ontario wana hesabu yao: ili usipoteze bima ya afya ya mkoa unatakiwa kuwa ndani ya mkoa angalau siku 153 katika kila miezi 12. Miezi mitatu haina neno. Lakini mtu wa Bungoma anayekuja pia kwa tohara ya Wabukusu mwezi wa Agosti, mwaka unaogawanyika kwa mbili, halafu akaamua kumalizia jengo, anaweza kujikuta amevuka bila kujua. Wa Uingereza nao wajue kwamba ile kadi ya afya wanayoitumia Ulaya haina kazi hapa.

Na kuna mbu. Bungoma ni eneo la malaria, na mtu aliyekaa ng'ambo miaka ishirini hana tena ile kinga aliyokuwa nayo akiwa mtoto. "Mimi nimezaliwa hapa" si dawa.

Sasa, SHA. Tangu Oktoba 1, 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na Mkenya mwenye kitambulisho anaweza kujisajili kwa *147#. Asiye na mshahara hapa hupimwa uwezo wa kaya yake, analipa asilimia 2.75 ya mapato hayo, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Tunasikia watu wakilalamika: mbona nilipe miezi 12 na mimi nakaa mitatu? Tunaelewa. Hata hivyo kima cha chini ni 3,600 kwa mwaka, na sisi tunaona ni heri kuwa nayo, mradi usiitegemee peke yake. Ukihitaji kukimbizwa Eldoret usiku, kilomita 70 hivi kutoka Kitale, au kusafirishwa kwa ndege hadi Nairobi, utataka bima binafsi inayotaja gari la wagonjwa na ndege kwa maandishi. Na uwaambie ukweli kuhusu presha na sukari siku unapojaza fomu. Ukificha, watakuja kuuliza siku ya kulipa.

Jambo letu wenyewe la malipo liko hapa. Bima nyingi za ng'ambo hukuacha ulipe hospitali kwanza, halafu unadai. Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, lakini dharura ikishatulizwa na ukahitaji kulazwa, hospitali nyingi za binafsi zitaomba amana. Ndugu wanaanza kuchanga kwenye WhatsApp, pesa inaingia kwa simu ya binamu, binamu anatoa, analipa kaunta. Baadaye kampuni ya bima inaomba ushahidi, na ulichonacho ni ujumbe unaoonyesha ulimtumia binamu. Lipa moja kwa moja kwa nambari ya Paybill ya hospitali, andika nambari ya mgonjwa kwenye akaunti, hifadhi ujumbe pamoja na risiti. Kumbuka pia kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Bili kubwa itabidi uigawe.

Gari. Bima ya kulinda watu wengine barabarani ni lazima kisheria, na unaweza kununua ya mwezi mmoja mmoja. Kwa hivyo wengi hulipia Desemba hadi Februari, gari likifungiwa wanaacha. Sawa, lakini gari hilo likiibiwa au kuungua Juni, hakuna wa kukulipa. Mbaya zaidi ni pale shemeji anapoachiwa funguo "aliwashe mara moja moja", kumbe linabeba abiria Kitale–Webuye. Bima ya gari la kibinafsi hailipi ajali iliyotokea gari likifanya biashara. Ongea na shemeji mapema, hata kama ni mazungumzo ya aibu.

Nyumba ni hivyo hivyo, tena mara mbili, maana unazo mbili na kila moja hukaa tupu kwa zamu. Kule Uingereza mikataba mingi hupunguza ulinzi nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30 au 60, na bomba la maji hupasuka wakati huohuo wa baridi ambao wewe uko Bungoma. Huku, mwambie wakala wa bima wazi kwamba miezi tisa anayelala kwenye boma ni mlinzi tu. Mlinzi huyo ni mfanyakazi wako: sheria ya fidia ya ajali kazini ya mwaka 2007 inakutaka umkatie bima. Wengi wetu tunamwona kama mtu wa nyumbani, hadi siku anapovamiwa usiku.

Mambo mawili ya mwisho, ya simu. Sheria ya bima ya Kenya haimruhusu mwenye bima kubeba hatari kabla ya malipo kufika. "Nitatuma wiki ijayo" maana yake wiki hii huna bima. Tuma kwa Paybill ya kampuni yenyewe, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, soma jina linalotokea kabla ya kuweka siri yako, usitume kwa laini ya wakala hata kama mlisoma pamoja.

Halafu hiyo laini yako ya Kenya. Ukiondoka Machi na kuizima hadi Desemba, inaweza kufungwa na nambari ikapewa mtu mwingine, na kumbusho la kulipa bima ya nyumba litaenda kwake. Iache kwenye simu, iwashe, iweke salio kidogo na uitumie kila mwezi, hata kama ni kumtumia mlinzi shilingi hamsini.