Simu hospitalini Goma: hatari iko kwenye umbali na kwenye prizi

Kila anayesikiliza redio huku simu iko kando yake anajua ule mlio: "ti-ti-ti, ti-ti-ti", na sekunde mbili baadaye simu inalia. Redio haijaharibika. Simu imeanza kuwasiliana na antena, na waya za redio zimeshika mawimbi yake. Simu ikiwa kwenye mtandao wa 2G hutuma mawimbi kwa vipande vidogo, mara 217 kwa sekunde. Mngurumo tunaousikia unatoka hapo.

Kwenye redio ni kelele tu. Lakini kando ya kitanda cha mgonjwa kuna mashine ambazo nazo ziko na waya: ile inayofuata mapigo ya moyo, pampu inayosukuma dawa kidogo kidogo, mashine ya kupumulia, kuvezi ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Ndiyo sababu kwenye mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi kunabandikwa picha ya simu yenye mstari mwekundu.

"Makuta ya dawa itafika namna gani?"

Kwa wakaaji wa Goma, picha hiyo ni ngumu kuifuata. Muuguzi anasema: "Mama, zima iyo simu!" Naye mama anayelinda mgonjwa anajibu: "Sasa makuta ya dawa itafika namna gani?"

Jibu lake liko na uzito. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati M23 ilipochukua mji, benki zilifunga milango. Tangu pale jamaa walio Kinshasa, Beni ao ngambo wanatuma msaada kwa Airtel Money, Orange Money ao M-Pesa. Simu ndiyo inalipa dawa, inatafuta mwenye kutoa damu, na inapeleka habari kwa familia iliyobaki Sake ao Minova. Mtu hawezi kuizima kutwa nzima. Kwa hiyo swali la maana ni hili: iwe wapi, na kwa umbali gani?

Utafiti unasema nini

Uingereza ilipima jambo hili miaka ya 1990. Ripoti ya serikali ya mwaka 1997 ilihusu vifaa 178 vya matibabu. Kwa umbali wa mita moja, simu za kawaida zilisumbua vifaa 4 hivi kwa kila 100. Lakini redio za mkononi za polisi na wazimamoto, zile ambazo Goma tunaita "motorola", zilisumbua 41 kwa kila 100.

Mwaka 2007, watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, walipima vifaa 61 vya chumba cha wagonjwa mahututi. Vifaa 26 vilisumbuliwa. Mashine ya kupumulia ilizimika na kujiwasha upya, na pampu za dawa zilisimama bila kupiga alarme. Hata hivyo, nusu ya matukio yalitokea simu ikiwa sentimita 3 ao chini yake, na mawimbi ya 2G yalisumbua zaidi kuliko ya 3G. Mwaka uleule, hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani ilifanya majaribio 300 kwenye vyumba 75, simu zikitumiwa kwa namna ya kawaida, na haikuona usumbufu wowote wa maana.

Matokeo hayo hayapingani. Yanaonyesha kwamba umbali ndio unaamua. Simu iliyo mfukoni mwa mtu aliyesimama mlangoni haisumbui sana. Simu iliyolazwa juu ya pampu ya dawa ni jambo lingine kabisa. Watafiti wa Amsterdam walishauri simu ikae angalau mita moja kutoka kwa mashine na kitanda cha mgonjwa mahututi.

Mtandao dhaifu, mawimbi makali

Kuna mambo mawili yanayogusa majimbo ya mashariki zaidi.

La kwanza ni mtandao. Antena ikiwa karibu, simu inanong'ona. Antena ikiwa mbali ao imezimika, simu inapiga kelele ili isikike. Kwenye 2G inaweza kufika wati 2, wakati simu ya 3G ao 4G haifiki hata nusu wati. Kwa hiyo kwenye kituo cha afya cha kijijini chenye mtandao wa kusuasua, simu ndogo ya kubonyeza inaweza kusumbua mashine kuliko simu kubwa ya bei kali katikati ya mji.

La pili ni zile motorola. Goma ni mji wa mashirika na walinzi, na redio ya mkononi inaweza kutuma kwa wati 5. Anayeingia nayo wodini mara nyingi ni mtu wa cheo, na watu wanaogopa kumwambia kitu. Lakini vipimo vinasema yeye ndiye wa kwanza kubaki nje.

Tena mashine zenyewe hazilingani. Mwaka 2014 kanuni za kimataifa zilianza kudai vifaa vipya vipimwe dhidi ya simu na redio zilizo karibu. Mashine ya zamani, hata kama bado inafanya kazi vizuri, haikupitia kipimo hicho.

Prizi moja, simu kumi

Hatari nyingine haihusu mawimbi. Mapigano ya Januari 2025 yaliharibu nyaya za umeme, na mji ukakaa siku kadhaa bila umeme wala maji ya bomba, hospitali zikiishi kwa jenereta. Hata siku za kawaida, umeme ukirudi kila mtu anakimbilia kuchaji. Wodini prizi ni chache. Mtu anachomoa waya asioujua ili achaji simu kwa dakika kumi, kumbe ule waya ni wa mashine ya oksijeni. Mwingine anaunganisha rallonge juu ya rallonge hadi prizi inachemka.

Hapa lawama si ya familia peke yake. Mtu anayelala siku tano sakafuni kando ya mgonjwa lazima achaji simu mahali fulani. Hospitali ikiweka meza ya kuchajia kwenye baraza, na ikatia alama ya rangi kwenye prizi za mashine, sheria itafuatwa bila ugomvi. Kupiga mstari sakafuni, mita moja kutoka kwa kitanda, ni gharama ya kopo moja la rangi.

La kufanya

Mlinda mgonjwa apokee simu kwenye baraza, na asiiweke kitandani, juu ya mashine ao juu ya kuvezi. Asichomoe waya wowote bila kumwuliza muuguzi. Mwenye motorola aiache nje. Aliyewekewa kifaa cha kusaidia moyo asibebe simu kwenye mfuko wa kifua, bali aiweke sentimita 15 mbali nacho, kwa sababu simu nyingine za kisasa ziko na sumaku ndani. Na mashine ikianza kulia ao kuonyesha namba zisizoeleweka, simu zisogezwe mbali na muuguzi aitwe papo hapo. Usingoje uone kama itatulia yenyewe.