Bomba la Moshi na Mfuko wa Baba wa Nyumba

Motokari nyingi zipitazo katika njia zetu, toka Kamina hata Kaniama na kuendelea mpaka Mwene-Ditu, zilikwisha kutumiwa kwanza na watu wa nchi nyingine. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba, kati ya 2015 na 2018, motokari ndogo milioni 14 zilizokwisha kutumika ziliuzwa nchi za nje, na Afrika ndiyo iliyopokea nyingi kupita sehemu nyingine za dunia. Hakuna aibu katika jambo hilo. Motokari kuukuu ikitunzwa vema hupeleka mahindi sokoni, mgonjwa hospitalini na watoto Misani. Lakini inacho kiungo kimoja kidharauliwacho mpaka siku kipigapo kelele, nacho ni bomba la kutolea moshi.

Kwa nini bomba huoza? Petroli ikiungua huzaa maji: lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, nayo hutoka kama mvuke. Motokari iendayo mwendo mfupi tu, toka nyumbani hadi sokoni, haipati joto la kuyakausha. Maji hubaki ndani ya kopo la kutuliza sauti, huchanganyika na asidi ya moshi, na kula chuma toka ndani. Ndiyo sababu kopo laweza kuonekana zima kwa nje, kumbe ndani limekwisha.

Kelele ni ubaya mdogo. Ubaya mkubwa ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zipatazo mara 200 za oksijeni. Ndiyo ile ile iwauayo watu waliolala na mbabula ya makaa katika chumba kilichofungwa. Bomba likitoboka chini ya sakafu iliyooza, hewa hiyo hupanda walipo abiria. Vile vile, wengi hupakia magunia na kuuacha mlango wa nyuma wazi: motokari ikienda, upepo huuvuta moshi na kuurudisha ndani. Basi, wasafiri wakiumwa kichwa, wakisinzia na kutapika pamoja, msiseme upesi kwamba ni malaria. Simamisheni motokari, zimeni injini, wote washuke wapate hewa safi, na aliyezidiwa apelekwe kwa mganga.

Sasa tuseme habari ya fedha. Bomba lina sehemu tatu, na si zote zikubalizo ubahili. Sehemu ya mbele, iliyo karibu na injini, hupata joto kali mno. Hapo bati la kopo la maziwa na waya havidumu. Lakini mara nyingi kinachovuja ni kiungo tu, nacho huhitaji gaski na bolti mpya, si bomba zima. Sehemu ya katikati hupita chini ya miguu ya abiria. Hiyo ilehemiwe, isiachwe na tundu hata dogo. Sehemu ya nyuma, yenye kopo na mkia wa bomba, ndipo mwenye fedha chache awezapo kupunguza gharama.

Atafutaye kipuri asiulize jina la motokari tu, bali apime. Kopo la motokari ya aina nyingine laweza kufaa, ikiwa mabomba yake ya kuingilia na kutokea yana upana ule ule, na urefu wake waenea mahali pake. Asiweke bomba jembamba kuliko lile la kwanza, kwani injini itakosa pumzi na kula petroli zaidi. Mipira ya kuning'inizia bomba yaweza kukatwa katika tairi kuukuu. Kopo lililotumika na litikiswe: likilia ndani kama njuga, limekwisha kuvunjika. Naye amtumaye ndugu kununua Lubumbashi ampe mchoro na vipimo vya milimita vilivyoandikwa karatasini. Kosa moja la kipimo ni nauli iliyopotea.

Fundi wa kulehemu afungue kwanza waya wa betri, na kazi ifanyike mbali na tangi la petroli. Akitumia bomba la maji lililopakwa zinki, aikwangue zinki kwanza, tena akae nje penye hewa. Moshi wake mweupe huleta homa. Kazi ikiisha, bomba likiwa bado baridi, mwashe injini na kupaka maji ya sabuni penye viungo. Povu likitokea, kazi haijaisha. Fundi alipwe baada ya jaribio hilo, lakini alipwe sawasawa na siku ile ile, kwani naye ana watoto.

Limebaki neno moja. Motokari nyingi za miaka hii zina chombo cha kusafisha moshi, kiitwacho katalisti. Ndani yake mna platinamu, paladiumu na rodiumu, madini ya thamani kubwa, hata wezi hukikata chini ya motokari za watu. Ukiuziwa kipuri kwa bei ya ajabu, na muuzaji hawezi kusema alikipata wapi, kiache. Amri ya saba haimhusu mwizi peke yake. Yamhusu pia yule anunuaye huku akijifanya haoni.

Na amri ya tano yamhusu kila mwenye motokari achukuaye watu. Abiria amelipa nauli, hakununua hatari. Baba apakiaye watoto wa jirani juu ya sakafu yenye matundu, akisema kwamba atatengeneza mavuno yakija, anaweka rehani kitu kisicho chake. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa bomba huzibwa kwa franka chache. Uhai wa mtoto haununuliwi tena kwa mavuno ya miaka yote.

Wiki hii, kabla ya safari ya soko, kila mwenye motokari na ainame chini yake atazame. Mungu awalinde njiani.