Geuza Gari, Lakini Uliza Kwanza

Nianze na kisa, halafu tubishane.

Mwezi wa nane tulikodi motohomu, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, tukatoka Leicester mimi na wazee wangu kwenda kaskazini mwa Wales. Mama ana goti bovu na alikuwa na ombi moja tu: afungue mlango asubuhi, akae nje na chai yake, aitazame bahari. Alizaliwa Lamu. Huku ameishi zaidi ya miaka 30, katikati kabisa ya nchi, mbali na maji ya chumvi.

Kiwanja tulichopewa pale kempingi kilikuwa kizuri kuliko picha. Changarawe safi, nguzo ya umeme karibu, bahari ile pale. Nikaingiza gari pua mbele. Mlango ulikuwa upande wa kulia, na huo upande ardhi ilikuwa tambarare. Kushoto kulikuwa na mteremko wa nyasi. Sijazima hata injini, msimamizi akaja. Kwa adabu kabisa akasema kwamba pale magari yote yanaingia kinyumenyume, pua itazame barabara. Akaenda zake.

Mama akauliza, "Kwani kuna nini?"

Baba akamjibu kabla yangu: "Wacha tu. Ndiyo taratibu za wenyewe."

Nikageuza gari. Na hapo ndipo kisa kilipo, manake gari likigeuka na mlango unageuka. Sasa mlango wetu ukafungukia kwenye mteremko. Ngazi ikaning'inia juu, Mama hawezi kushuka bila kushikwa mkono. Na mbele ya mlango, ana kwa ana, mlango wa karavani ya jirani: mzee wa watu anakula mkate wake, sisi tunamtazama, yeye anatutazama. Mama akarudi ndani, akavuta pazia. Chai ya siku hiyo aliinywa kitandani.

Sasa tuongee kuhusu hiyo kanuni, manake si ya kipuuzi.

Hapa Uingereza kempingi za karavani zinaendeshwa chini ya sheria ya mwaka 1960, na kwa kawaida halmashauri ndiyo inayotoa leseni pamoja na masharti yake. Sharti kubwa ni moto. Viwango vinavyofuatwa vinataka mita 6 kati ya gari na gari la familia nyingine. Kuta za magari haya ni nyembamba, ndani kuna mtungi wa gesi na godoro na mapazia. Likishika moja, hutaki la pili liwe karibu. Hizo mita 6 mimi sina ugomvi nazo hata kidogo. Zinalinda watoto waliolala.

Kanuni ya pua itazame wapi ni ndogo yake. Pengine utaambiwa kona ya nyuma ya gari iwe kwenye kigingi, pengine pua iwe nje. Sababu zipo. Magari yakipangwa namna moja, ile nafasi ya katikati haiibiwi na mtu. Pua ikiwa nje, ukihitaji kuondoka haraka unaondoka. Na kubwa kuliko yote ni milango: yote ikifunguka upande mmoja, kila familia inapata ua wake mdogo, na hakuna anayekula huku akitazamwa mdomoni.

Hili Mama alilielewa kabla yangu. Nilipomweleza akacheka. Nyumba za kale za Lamu zimejengwa kwa hesabu hiyohiyo: ukivuka daka hukuti sebule moja kwa moja, unakuta ukuta, unakata kona, ndipo uingie. Jicho la mpita njia linaishia ukutani. "Heshima ya mlango," akasema, "mbona hiyo ni yetu."

Basi tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba kanuni ile iliandikwa kwa ajili ya karavani ya Kiingereza. Karavani ya hapa huwa na mlango upande wa kushoto, kwa sababu huku tunaendesha kushoto na mtu anatakiwa ashukie ukingoni, asishukie katikati ya barabara. Ukiiingiza kinyumenyume, pua nje, milango yote inatazama upande mmoja. Safi. Lakini motohomu nyingi zimetoka Ujerumani, Italia au Ufaransa, ambako wanaendesha kulia, kwa hiyo mlango uko kulia. Ukiligeuza gari kama hilo pua nje, mlango unatazama kinyume na wa wenzake. Kanuni iliyowekwa milango isitazamane ikatutazamisha na jirani! Nilivyoegesha mwanzo, pua ndani, ndivyo mlango wetu ungefunguka upande uleule wa karavani zote.

Kwa hiyo tulitii maneno ya kanuni, tukavunja maana yake. Na aliyelipa ni goti la Mama.

Mlioanza kutusikiliza juzi hamjui kazi yangu: mi ni mkaguzi wa hesabu. Siku nzima nalipwa kuwauliza watu, tena wakubwa wenye suti, "Hii imeandikwa wapi? Nionyeshe." Siogopi mtu mezani. Lakini pale, mbele ya baba yangu, nikawa na miaka 9 tena, nimeshika karatasi za ofisi fulani namtafsiria, na yeye ananifinya mkono: usiulize sana, tusije tukaonekana wakorofi.

Nadhani wengi wenu mnajua nasema nini. Wazazi wetu walifika hapa wakajua kwamba swali lina gharama. Ukiuliza, faili lako linawekwa chini ya mengine. Wakachagua kunyamaza, na kunyamaza kule kumetusomesha, sikudharau. Lakini lile neno la Baba, "wenyewe", ndilo limenikaa. Wenyewe ni nani? Mimi nimezaliwa Leicester. Nimelipia kiwanja kama yule jirani. Kama mimi si mwenyewe, nitakuwa mwenyewe lini?

Asubuhi ya pili likaja gari la aina kama letu, mlango kulia, mume na mke wa makamo. Msimamizi akawaambia yaleyale. Yule mama akashuka, akamwambia kwa upole: mlango wetu uko upande huu, tukigeuza tutamtazama jirani, je, tukiingia pua mbele kuna ubaya? Msimamizi akaangalia, akahesabu hatua mpaka kwenye gari la pili, akasema sawa. Dakika mbili. Nilikuwa dirishani na kikombe mkononi, nikaona aibu yangu mwenyewe.

Nikatoka nikamfuata, nikamweleza kuhusu mlango, mteremko na goti. Akanijibu, "Ungeniambia jana." Akanisaidia kuweka kabari chini ya matairi.

Najua mtakachoniandikia. Mtasema wale walikuwa Wazungu, wao kuuliza ni rahisi. Sikatai. Sauti ileile ikitoka kwenye uso mwingine husikika tofauti, na wengi wetu tuna ushahidi wa hilo. Angeweza kunijibu vibaya. Lakini sikumpa hata nafasi ya kunijibu vizuri. Nilimhukumu mimi kwanza, kisha nikamwadhibu Mama kwa hukumu hiyo. Kuna siku utauliza na utakatwa maneno, na siku hiyo tutaizungumza hapa. Ila huwezi kuishi kila siku kana kwamba umeshakatwa.

Msimamo wangu basi ni huu. Wenye kempingi: simamieni mita 6 bila huruma, lakini ya pua muiandike pamoja na sababu yake. Semeni "milango yote ifungukie upande huu", halafu muache dereva ajue pua ya gari lake iende wapi. Na mtu anapoweka nafasi, mwulizeni mlango wa gari lake uko kulia au kushoto. Ni swali moja, linaokoa ugomvi wa wiki nzima. Binamu yangu wa Muscat alinicheka, akasema wao jangwani wanaegesha kwa kutazama upepo tu. Sawa, lakini jangwa ni pana. Sisi huku tumebanana, lazima tupangane, na watu wakijua sababu hupangana wenyewe.

Na nyinyi wenzangu: mkikodi, someni kanuni kabla hamjatoka nyumbani. Jueni mlango wa gari uko wapi. Mkiambiwa mgeuze, kama ni moto au ni mita 6, geuzeni mara moja. Kama hamjaelewa, ulizeni kwa nini, kwa upole, mbele ya wazazi wenu. Hasa mbele ya wazazi wenu. Kuuliza si ujinga. Hilo walitufundisha wao, kisha wakaogopa kulitumia.

Siku mbili zilizobaki Mama alikaa nje, ngazi imegusa changarawe, bahari mbele yake. Jirani alipita akampungia mkono, Mama naye akampungia. Baba alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza, "Ulimwambiaje yule?"

Nikamwambia nilimuuliza tu.

"Na akakasirika?"

"Hapana, Baba."

Akatikisa kichwa, akamimina chai. Mwezi wa tano anataka twende tena, na safari hii anasema atazungumza na msimamizi yeye mwenyewe.