Fakture mpya ya TVA: serikali isiwaache nyuma wauzaji wadogo wa mashariki

Tangu tarehe 1 Desemba 2025, serikali inawadai wafanyabiashara wanaotoza TVA watoe «facture normalisée», yaani fakture inayosajiliwa katika kompyuta za DGI kabla ya kufika mkononi mwa mnunuzi. Nia ni nzuri na tunaiunga mkono. Lakini namna ya kuitekeleza ndiyo itaamua kama wakaaji wa mashariki watafaidika ao watabebeshwa mzigo mwingine.

Tukumbuke TVA ni nini. Tangu tarehe 1 Januari 2012, mtu anayenunua bidhaa inayotozwa kodi hii kwa kawaida analipa 16 kwa mia juu ya bei. Feza hizo si za muuzaji. Yeye anazipokea ili azipeleke serikalini. Kwa fakture ya kuandikwa kwa mkono, ni rahisi zibaki njiani: kitabu kimoja cha kuonyesha mkaguzi, kingine cha kuficha. Mama anayenunua mabati ya nyumba yake amekwisha kulipa, lakini barabara na hospitali hazioni kitu.

Fakture mpya inaziba tundu hilo. Mashine ao programu ya muuzaji inatuma DGI nambari yake ya kodi, kitu kilichouzwa, bei, TVA, siku na saa. DGI inarudisha alama ya usalama na kodi ya QR, vinavyochapwa kwenye karatasi. Kuanzia hapo, mauzo hayo hayawezi kufutwa kimya kimya.

Sasa tutazame maduka yetu. Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa 2025. Huko ni swali jingine. Lakini Butembo, Beni na Bunia, wauzaji wengi wanategemea jenereta ao sola, na rezo inakuja na kwenda. Wengine wanaweka hesabu zao katika programu iliyoandikwa na kijana wa mji huohuo, aliyesomea informatike hapahapa. Kijana huyo anaweza kuunganisha kazi yake na DGI, ila anahitaji maelezo kamili: kila sehemu ya fakture inaandikwa namna gani, inatumwa vipi, inajaribiwa wapi. Akikosa hayo, mteja wake atalazimika kununua programu ya kampuni ya mbali, tena kwa dola.

Wengine wamekwisha kupita njia hii. Huko Ulaya, kanuni EN 16931 ya mwaka wa 2017 inasema wazi habari gani lazima ziwe katika fakture, ili programu ya kampuni moja isomwe na ya nyingine. Kenya, ambako bidhaa nyingi za Butembo zinashukia bandarini Mombasa, ilianzisha eTIMS mwaka wa 2023. Mamlaka ya kodi inatoa programu hiyo bure, hata kwa simu ndogo isiyo na intaneti, na wanaoandika programu zao wanaruhusiwa kuziunganisha.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, maelezo yote ya kiufundi yawe wazi na bure, na ruhusa ya kutumia programu ipatikane Butembo na Bunia kama vile Kinshasa, bila bahasha. Pili, muuzaji aliyekosa rezo aweze kuendelea kuuza na kutuma fakture zake rezo ikirudi, bila kupigwa faini. Tatu, wakaguzi wafundishe kwanza, waazibu baadaye.

Nasi wanunuzi tuna kazi yetu. Tukilipa TVA, tudai karatasi yenye QR. Feza imetoka mfukoni mwetu. Tuna haki ya kujua kama imefika.