Khutba ya Hotelini

Mwaka 2014, nikiwa kidato cha pili, kijana mmoja wa mtaani kwetu Majengo, Mombasa, aliondoka bila kuaga. Mamake aliambiwa amekwenda Nairobi kusaka kazi. Miezi kadhaa baadaye simu ikaingia, namba yake inaanza na 252, ya Somalia. Hakuna aliyetuambia simu hiyo ilisema nini. Tuliona tu mikeka imetandikwa nje ya nyumba na watu wanasoma hitma, na hakuna aliyethubutu kuuliza maiti iko wapi.

Mimi namkumbuka kwa kitu kingine. Wiki chache kabla hajapotea, baada ya sala ya magharibi, alimuuliza ustadh wetu swali mbele ya watu: "Ustadh, polisi wakija usiku wakamchukua ndugu yako, na asionekane tena, dini inatwambia tufanye nini?" Ustadh akamtazama yeye, akatutazama sisi, akajibu: "Subira, mwanangu. Siasa tuiache nje ya msikiti." Halafu akaendelea na darsa. Ilikuwa darsa ya udhu. Udhu tulikuwa tumefundishwa mara mia.

Kijana akaenda kutafuta jibu kwingine, na aliyemjibu alikuwa ameshakufa. Sheikh Aboud Rogo aliuawa kwa risasi Agosti 2012, lakini mawaidha yake yalizidi kuzunguka mtaani kwa CD na kwa simu. Na tuseme ukweli, jamaa alikuwa anajua kuongea. Aliongea Kiswahili chetu. Alitaja dhuluma na vipigo vya polisi, vitu ambavyo kijana wa Pwani anavijua bila kusomewa. Akishakushika hapo, ndipo anakuelekeza Somalia.

Hoja yangu itawaudhi wazee wangu, lakini acha niiseme: sisi Waislamu wa msimamo wa wastani tulipoteza vijana wetu kwa sababu hatukuingia uwanjani kabisa.

Tulikuwa wapi? Hotelini. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, nilipata kibarua cha kuandika ripoti za warsha za kupambana na itikadi kali. Nimekaa kwenye hizo warsha, nimekula hizo sambusa. Kiyoyozi kinavuma, bango liko nyuma, masheikh wako mbele, posho inakuja mwisho. Kila anayesimama anasema Uislamu ni dini ya amani, na kila aliye ukumbini anaamini hivyo tangu azaliwe. Yule mwenye swali hajaalikwa. Akialikwa, anaandikwa kwenye ripoti kama "kijana aliye hatarini" (nimeyaandika maneno hayo kwa mkono wangu), anapigwa picha, anapewa fulana. Kisha damu ikimwagika tunaita waandishi wa habari, tunasoma taarifa: tunalaani vikali. Taarifa ile ni ya wafadhili, ya serikali na ya majirani zetu Wakristo. Yule kijana hata haisomi.

Sisemi sote ni waoga. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, aliwapinga hawa watu waziwazi. Vijana wa msimamo mkali wakauteka Msikiti Sakina aliokuwa akiuongoza, na Juni 2014 akapigwa risasi Likoni, alfajiri, akielekea kusali. Na kuna Mwalimu Salah Farah. Desemba 2015 al-Shabaab walilisimamisha basi lao huko Mandera wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 2014, basi jingine la Mandera lilitekwa, abiria wakatenganishwa, na watu 28 wakauawa. Ukilinganisha mabasi hayo mawili utaona kukataa kunaokoa nini. Na abiria wa lile la pili walikataa pale pale barabarani, bunduki ikiwa imeelekezwa kwao.

Serikali nayo isijifiche nyuma yetu. Februari 2014 polisi waliingia Msikiti Musa na buti na vitoa machozi, wakakamata watu zaidi ya 100. Aprili hiyo, Abubakar Shariff, yule Makaburi, akauawa kwa risasi nje ya mahakama ya Shanzu. Polisi wanakana kuhusika, na hakuna aliyehukumiwa kwa kifo chake wala cha Rogo. Watu wale walitakiwa washtakiwe, wajibiwe, washindwe hadharani. Badala yake wamegeuzwa mashahidi, na nani atabishana na shahidi? Ndiyo maana ustadh anayelaani al-Shabaab kila Ijumaa, lakini ulimi unamwishia akifika kwa waliopotezwa na polisi, vijana wanamwona msemaji wa DCI. Hawamsikilizi hata akisema kweli.

Na nyinyi mnaotuuliza kila mara "Waislamu wazuri wako wapi?", poleni, siwajibu. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa Shakahola. Sikumgongea mlango jirani yangu Mkristo kumtaka alaani ndipo nimwamini. Nataka heshima hiyo hiyo. Deni langu liko ndani ya nyumba yangu.

Ndani humo majibu yapo, tena mazuri. Wanasema Kenya inatawaliwa na makafiri, kwa hivyo ni nchi ya vita. Haya. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, Mtume (SAW) aliwapeleka wapi? Habasha, kwa mfalme Mkristo, kwa sababu mfalme yule hakudhulumu mtu. Wakakaa chini ya utawala wake kwa amani. Wengine walibaki huko miaka kadhaa hata baada ya Waislamu kuwa na mji wao Madina. Habasha si mbali, ni hapo ng'ambo ya Moyale. Kila mtoto wa madrasa anaijua hadithi hii. Nani amewahi kumwambia kwamba hiyo ni hoja, na kwamba inamhusu yeye na kitambulisho chake cha Kenya?

Kwa hivyo masheikh zetu, rudini msikitini. Baada ya magharibi, kwa Kiswahili, bila kamera. Tajeni ardhi. Tajeni waliopotezwa. Mkiulizwa msilolijua, semeni hamjui, mkalitafute, mrudi. Ila msimwambie mtu tena anyamaze.

Mdogo wangu yuko sekondari sasa. Juzi alinijia na simu, kuna sheikh anafoka kwenye video, akaniuliza, "Kaka, haya ni kweli?" Mkono wangu ulishakwenda kuifuta. Nikajizuia. Tuliketi kibarazani tukaisikiliza yote, tukaanza kubishana, na adhana ya isha ikatukuta hatujamaliza. Tulikwenda kusali, tukarudi, tukaendelea.